Chumba cha mwigizaji mgeni Dar: kutoka kwa dalali mpaka kurudi saa nane usiku

Mwigizaji anayeanza Dar hana mshahara, ana mafungu. Leo kalipwa siku nne za kushuti tamthilia, halafu mwezi mzima simu haiiti. Kwa hiyo mtaa wa kuhamia usiuchague kwa sifa zake. Angalia mambo mawili: kodi ambayo fungu moja linaweza kuibeba, na njia ya kurudi nyumbani lokesheni ikifungwa saa nane usiku.

Wengi hukimbilia Sinza kwa kuwa wasanii wanaonekana kule. Si vibaya, maana vituo kadhaa vya televisheni viko Mikocheni na daladala za Mwenge na Makumbusho haziko mbali. Ila ukiingia ndani Mwananyamala au Tandale, kwa kawaida kodi inashuka na bado uko karibu. Cha kuogopa huko ni maji. Mto Ng'ombe unapita katikati ya makazi, na masika, kuanzia Machi hadi Mei, nyumba za kingoni zinaweza kufurika. Dalali hatakwambia hilo, ukuta utakwambia. Tazama kama kuna mstari wa kahawia usawa wa goti, kama plasta ya chini inabanduka, kama mlango umevimba chini. Chungulia na kwa jirani: kitanda kikiwa kimepandishwa juu ya matofali, usiulize zaidi, tafuta nyumba nyingine.

Siku ya kuoneshwa chumba, rudi tena peke yako baada ya saa tatu usiku. Tembea kutoka kituoni hadi getini na uhesabu dakika. Angalia taa zinaishia wapi na kama kuna duka au kijiwe cha bodaboda kilicho wazi. Kisha uliza geti linafungwa saa ngapi na funguo anakaa nazo nani. Nyumba nyingi za kupanga hufunga saa nne au saa tano. Kama mwenye nyumba hakupi nakala ya ufunguo, utakuwa unagonga usiku wa manane, na baada ya mara tatu hata majirani wema watachoka. Ufunguo uwe kwenye makubaliano kabla hujatoa shilingi.

Sasa hesabu. Dalali huchukua kodi ya mwezi mmoja, na wengine hudai hela ya kukuzungusha hata usipopata chumba, hivyo mwulize kabla hamjaanza kutembea. Tuchukue chumba cha 80,000 kwa mwezi. Kodi ya miezi sita ni 480,000, ongeza 80,000 ya dalali, tayari ni 560,000 na godoro hujanunua. Omba miezi mitatu, na ueleze wazi kwamba kazi yako hulipa kwa mafungu. Wapo wanaokubali wakiona unalipa kabla ya tarehe. Kodi mpe mwenye nyumba mwenyewe, tena kwa maandishi. Ukituma kwa simu, jina linalotokea lifanane na la kwenye mkataba. Lisipofanana, usibonyeze.

Uliza pia mita ya LUKU, yaani ya umeme wa kulipia kabla, ni ya wapangaji wangapi. Mita moja kwa vyumba sita huzaa ugomvi, kwa sababu mwenye friji na mwenye taa moja wanachangishwa sawa. Tangu 2021 kodi ya jengo nayo hukatwa humo humo kwenye LUKU. Hilo ni deni la mwenye nyumba, kwa hiyo mkubaliane atalirudisha vipi. Maji ya bomba huja kwa mgao, hivyo kuwa na madumu mawili ya lita 20 yaliyojaa muda wote. Ukiitwa saa kumi na moja alfajiri, bafu la pamoja halitakusubiri upange foleni bombani.

Wiki ya kwanza nenda ofisi ya serikali ya mtaa ukajitambulishe, na kitambulisho cha taifa cha NIDA kama unacho. Barua ya mtaa unaweza kuihitaji benki, na utaihitaji zaidi siku utakapotaka mtu wa kukudhamini. Mama mwenye nyumba mwambie mapema unafanya kazi gani. Ukifanya mazoezi ya sini ya kulia au ya kupigwa bila taarifa, watavunja mlango wakidhani unauawa, na watakuwa wamefanya sawa. Sema, "Shikamoo mama, leo mchana nitakuwa na mazoezi, ukisikia kelele ni mimi." Saa nne asubuhi hadi saa nane mchana panafaa, wengi wako kazini. Coco Beach nayo inafaa alfajiri, ila usishindane na upepo, koo litakauka kabla ya usaili.

Begi la kazi lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Kazi nyingi za hapa mwigizaji huja na nguo zake, na sini moja inaweza kugawanywa siku tofauti. Shati la bluu ulilovaa Jumanne, kifungo cha pili kikiwa wazi, mkono wa kushoto umekunjwa mara mbili, litatakiwa vilevile Ijumaa. Lipige picha kabla hujalivua, litundike kwenye mfuko wake, usiliazimishe wala usilifue kwa jiki. Likipauka, sini inarudiwa, na anayekumbukwa kwa hasara hiyo ni wewe. Epuka mistari myembamba iliyokaribiana, kwenye kamera hutetema.

Kabla ya kukubali kazi uliza siku ngapi, nauli na chakula ni vya nani, malipo lini, na nani anakurudisha usiku. Fungu likiingia, tenga kwanza kodi, kisha LUKU, kisha unga, mchele, maharage na mafuta ya mwezi. Kinachobaki ndicho cha nauli za usaili. Kwa Mangi, mwenye duka la mtaani, unaweza kukopa kwenye daftari, lakini siku uliyoahidi ikifika peleka hata nusu, mkononi, ukimtazama usoni. Bodaboda naye chagua mmoja wa kijiwe chenu, patana naye bei ya usiku mapema, na uwe na namba yake hata simu ikiwa imebaki na chaji ya asilimia mbili: iandike kwenye karatasi, uiweke ndani ya kava la simu.