Kuelewana ku kazi na watu wa kila kona: mambo ya kufanya hapa Lubumbashi

Ukifanya kazi Lubumbashi, ku mine, ku depo ya Wahindi ao ku transpo ya Kasumbalesa, asubuhi moja tu unaweza kupokea amri kwa Mchina, ukaandika rapore kwa Kifaransa, kisha ukapigia simu dereva wa Zambia anayekujibu kwa Kibemba. Na haikuanza leo, huu mji ulianza 1910 juu ya shaba, Union Minière, kampuni ya mine ya Wabelgiji, ikaleta watu toka Kasai, toka Rwanda, toka Rhodesia ya Kaskazini. Kuchanganyika tumezoea. Lakini kuzoea si kuelewana, na ninaona watu wazuri wanapoteza kazi, wengine wanaumia, juu ya mambo ambayo sentensi mbili zingeyatengeneza.

Tuanze na ile ya hatari zaidi: kuitika.

Sisi tumelelewa hivi, mkubwa akisema unaitika. "Ndiyo shefu" yetu mara nyingi ni heshima, unamuonyesha kwamba umesikia. Shefu wa Afrika ya Kusini ao wa Australia yeye anaipokea kama ahadi, anaenda kuandika kwamba kazi itaisha 16h00, na 16h00 ikifika anaona umemdanganya. Na Wachina wengi nao hawapendi kumkatalia mkubwa mbele ya watu, kwa hiyo unakuta pande mbili zinaitikiana na hakuna aliyeuliza kitu. Ku biro hasara yake ni rapore kuchelewa, lakini ku mashini mtu anaitika kwamba amekata umeme kumbe swali lenyewe hakulisikia vizuri, na mwenzake ameshaingiza mkono.

Dawa yake: usiitike tu, rudilia amri kwa maneno yako. "Shefu, nimesikia hivi: nakata umeme wa konveya, naweka kadena (kufuli) yangu mwenyewe, ufunguo nabaki nao, kisha naita mekanisie. Ni hivyo?" Hakuna shefu atakasirika, na kama mlikuwa hamjaelewana mtajua hapo hapo. Kama kazi haiwezekani, sema kile kinachowezekana na kinachokosekana: "Leo nitafikisha nusu, hii ingine inangoja fuse, nikiipata kesho 8h00 naimaliza kesho." Ukisema Mungu akipenda, sema, ni imani yetu, lakini ongeza saa na tarehe. Na kama wewe njo unaongoza timu, acha kuuliza "umeelewa?", maana jibu lake unalijua tayari, uliza "utaanzia wapi?"

Sasa kilio. Hapa njo kuna uchungu mwingi na watu hawakuelezwa. Mtu anaomba ruhusa mwezi wa tatu, baba amekufa. Mwezi wa saba anarudi, baba amekufa. Shefu mgeni anafungua dosie, anahesabu baba wawili, kuanzia hapo huyu mfanyakazi ni mwongo, na masikini hakusema uongo hata kidogo, wa kwanza alimzaa na wa pili ni baba mdogo aliyemlipia masomo. Sheria ya kazi ya 2002 inahesabu kwa damu na kwa ndoa: akifa baba, mama, mtoto, bibi ao bwana yako, unapata siku 4 za kazi, ndugu wa tumbo moja ao nkambo, siku 2. Baba mdogo na mjomba hawamo. Kwa hiyo usiende ku biro ya RH (wale wanaoshughulikia wafanyakazi) na neno "baba" peke yake, andika mesaji yenye mambo manne: nani kwa damu, ni nani kwako, siku ngapi, na nani atashika kazi. Mfano: "Shefu, mdogo wa baba yangu mzazi amekufa jana. Njo alinilea na kunisomesha, familia inaningojea niongoze kilio. Naomba siku 3 kuanzia leo, ikilazimika mkate ku kongé yangu. Dosie zangu nimeachia mwenzangu wa biro." Uliza pia kama kampuni yenu iko na makubaliano na sendika, mara ingine yanatoa zaidi kuliko sheria. Na wewe shefu unayesoma, ukimpa mtu siku mbili za kuzika aliyemlea, ukatuma hata mtu mmoja wa kampuni afike pale ku kilio akae kidogo, hiyo timu haitakusahau.

Kukaripia. Mzee wa miaka 55 aliyejifunza kazi Gécamines, kampuni ya mine ya serikali, kijana inginia anamfokea mbele ya watu. Mzee atanyamaza, na vijana wote watanyamaza pamoja naye, na kuanzia siku ile mashini ikianza kulia vibaya hakuna atakayekuja kusema mpaka ikufe. Mwite pembeni, msalimie, uliza habari ya nyumbani, halafu sema kosa bila kulizungusha. Ukiwa wewe njo umefokewa, angalia kwanza, kelele za mine zinafanya kila mtu apaze sauti. Kama ilikuwa dharau kweli, ngoja pauze, mfuate peke yake: "Kosa nimelisikia. Ninaomba siku ingine uniite pembeni, mbele ya vijana inaniharibia kazi."

Ukiongea kupitia mkalimani, muangalie yule unayemwambia, si mkalimani. Sentensi fupi, jambo moja kwa mara moja, hesabu ziandike ku karatasi.

Kitu kimoja ninakiomba kwa moyo wote: utani wa kabila ubaki nje ya kazi, hata kama wenyewe wanacheka. Mwaka 1992 na 1993 watu wa Kasai walifukuzwa hapa Katanga, familia zikalala ku gare ya Likasi na ya Kolwezi zikingojea treni. Mwenzako wa meza ya pili anaweza kuwa mtoto aliyelala pale. Na mkianza kuongea Kiswahili ao Tshiluba mbele ya mtu asiyesikia lugha hiyo, mwambieni kwa kifupi mnaongea nini.

Saa andika kwa tarakimu, 14h00, na ongeza "saa ya Lubumbashi", maana Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa 1 na Beijing iko mbele kwa saa 6. Mesaji unayotuma 16h00 inamfikia mtu wa Beijing 22h00, usikasirike kama hajibu.

Mwisho, sikukuu. Mwaka mpya wa Wachina unahama, unaangukia kati ya 21 Januari na 20 Februari, na viwanda vya kule vinafunga siku nyingi, kwa hiyo komandi ya piesi ipelekeni mapema, si wiki ile ile. Na sikukuu zetu tuwaelezee mbele ya wakati. Tarehe 1 Agosti asubuhi watu wanaenda ku makaburi kusafisha na kukumbuka wazazi, shefu mgeni akiona jina lako halipo ku ekipe ya asubuhi atadhani umetoroka, basi mwambie mwanzo wa Julai kabla programu ya zamu haijabandikwa, na mpe jina la mwenzako mliyebadilishana naye zamu.