Kabla Hujawasha Spika Zako: Anza na Kiti

Spika mpya zikifika nyumbani, hamu ya kupasua boksi huwa kubwa. Subiri kidogo. Amua kwanza utakaa wapi ukisikiliza muziki, kwa sababu spika zinafuata masikio yako, si nafasi iliyobaki baada ya kabati na meza. Nimeona seti nzuri sana zikilaumiwa bure, spika moja ikiwa nyuma ya mlango na nyingine imebanwa kando ya kochi.

Kiti chenyewe kisigusane na ukuta wa nyuma, wala kisikae katikati kabisa ya chumba. Mawimbi ya besi hugonga ukuta, hurudi, na kukutana na yale yanayokwenda. Chumba chenye urefu wa mita 4 kina mvumo wake wa kwanza, yaani sauti nzito ambayo chumba chenyewe huikuza, karibu na hezi 43 (mitetemo 43 kwa sekunde). Mvumo huo huvimba kwenye kuta mbili za mwisho na kufifia katikati. Ndiyo maana mtu aliyeegemea ukuta husikia besi nzito inayofunika kila kitu, na aliye katikati huona kama gitaa la besi limetoka chumbani. Jaribu kukaa theluthi moja hivi ya urefu wa chumba kutoka ukuta ulio nyuma yako, kisha songa kidogo kidogo hadi besi itulie.

Sasa chukua tepu ya kupimia. Umbali kati ya spika na spika ulingane na umbali wa kila moja hadi kichwani pako, yaani pembetatu yenye pande sawa. Mita 2 kila upande zinatosha sebule nyingi. Hapa usikadirie kwa macho: spika moja ikikukaribia kwa sentimita 10 kuliko mwenzake, sauti ya mwimbaji huvutwa upande huo. Twita, ile spika ndogo ya sauti za juu, iwe usawa wa masikio ukiwa umekaa. Kwa viti vya kawaida ni kama sentimita 90 hadi 100 kutoka sakafuni, kwa hiyo spika fupi zinahitaji stendi imara isiyotikisika.

Ukuta ulio nyuma ya spika ndio unaosumbua zaidi. Kadiri spika inavyousogelea, besi inaongezeka, na kwenye kona inazidi mno. Lakini kuivuta mbele nako kuna gharama yake. Ikiwa mita 1 kutoka ukutani, wimbi linalorudi hufika limepinduka na kupunguza sauti karibu na hezi 86. Huwezi kulikwepa hilo kabisa; unachoweza ni kuhakikisha umbali wa ukuta wa nyuma na ule wa ukuta wa pembeni haulingani, ili kasoro mbili zisiangukie mahali pamoja. Mimi huanza na nusu mita, na zaidi kidogo kama tundu la hewa la spika liko nyuma.

Piga kofi moja kali ukiwa umesimama katikati ya chumba. Ukisikia mlio unaotetema kama springi ya chuma, kuta tupu zinarushiana sauti. Zulia nene kati yako na spika, pazia zito na rafu iliyojaa vitabu husaidia sana. Kujua mahali pa kufunika, mwombe mtu atembeze kioo ukutani huku wewe umekaa. Pale unapoiona spika ndani ya kioo ndipo sauti inapogonga kabla ya kukufikia.

Waya uzifunge amplifaya ikiwa imezimwa. Unene wa milimita 2.5 za mraba unatosha nyumbani. Hakikisha hakuna uzi hata mmoja wa shaba unaogusa upande wa pili, maana shoti inaweza kuunguza amplifaya. Nyekundu iende kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, pande zote mbili. Niliwahi kukaa karibu wiki mbili na sauti iliyopwaya, besi haipo, mwimbaji yuko kila mahali na hayuko popote; waya za spika ya kushoto zilikuwa zimepishana.

Kisha weka wimbo wenye sauti ya mtu mmoja na ala chache, ukae, na mwenzako ageuze spika kidogo kidogo kukuelekea. Ghafla sauti hutoka kwenye maboksi na kusimama katikati, mahali ambapo hakuna spika, hadi unasikia mwimbaji akivuta pumzi kabla ya ubeti. Hapo hapo mwambie aache. Bandika utepe sakafuni kwenye pembe za kila spika, kwa sababu siku ya kupiga deki zitasogezwa.