Somo: Husomwi kwenye kikosi cha besiboli? Anzia hapa

Somo hili ni la vijana wetu wanaosoma sekondari hapa Marekani, darasa la 9 hadi la 12, wanaocheza besiboli na hawapangwi. Wengi wenu mlifika mkiwa na miaka 12 au 13, kutoka Nyarugusu, Nairobi au Bukavu, mkakuta wenzenu wameshika glavu tangu wana miaka mitano. Mpwa wangu ni mmoja wenu. Alipokuwa darasa la 10, majina ya timu yalibandikwa mlangoni, naye aliyapitia kwa kidole mara tatu kabla ya kugeuka. Ninayoandika ni yale tuliyofanya naye tangu jioni ile, pamoja na niliyojifunza baadaye nikiwa kocha msaidizi wa kujitolea.

Hatua ya 1: Nenda kwa kocha, wewe mwenyewe

Hatua hii ndiyo inayowashinda vijana wetu kuliko zote, na sababu yake ni malezi mema. Kwetu mtoto mwenye adabu hamkodolei mkubwa macho wala hamhoji. Kocha wa huku akikuona umeinamisha kichwa, unajibu kwa sauti ya chini, anaona kijana asiyejali. Nimekaa upande wa makocha, nimesikia jambo hilo likisemwa kuhusu mtoto ninayejua anaupenda mchezo kuliko chakula.

Kwa hiyo omba dakika tano baada ya mazoezi. Usiulize "kwa nini sichezi?", maana hapo kocha ataanza kujitetea. Sema: "Kocha, naomba uniambie vitu viwili ninavyotakiwa kurekebisha ili nigombee namba." Mpwa wangu aliyakariri maneno haya mbele ya kioo, kwa Kiingereza, wiki nzima. Jibu lilikuja chini ya dakika moja: mkono una nguvu (miaka ya kutungua maembe kwa mawe haikupotea bure), ila anauogopa mpira unaoviringika, na hatua yake ya kwanza inachelewa. Mwaka mzima alikuwa anaamini hapangwi kwa sababu ya Kiingereza chake.

Hatua ya 2: Jipime

Tafuta namba zako, yaani vipimo vyako, kabla hujatafuta watu wa kukuona. Mbio zinazopimwa huku ni za yadi 60, kama mita 55. Mchezaji wa sekondari anayezimaliza kwa sekunde 7 au pungufu hutazamwa. Mdakaji (anayechuchumaa nyuma ya mpigaji) hupimwa tangu mpira ugonge glavu yake hadi ufike besi ya pili. Sekunde 2 ni kiwango kizuri sana. Mrushaji na mpigaji hupimwa kasi ya mpira kwa mashine ya rada, na shule nyingi wanayo, omba tu. Andika namba na tarehe, kisha rudia kila baada ya wiki sita.

Hatua ya 3: Rekebisha kitu kimoja, kila siku

Nyuma ya chumba cha kufulia cha maghorofa tunamoishi kuna ukuta wa matofali. Tulichora mstari kwa chaki hatua nane kutoka ukutani, tukachukua mpira wa tenisi na daftari la shule. Unarusha chini ukutani, mpira unarudi ukiviringika, unaudaka. Mara mia moja kila jioni. Siku ya kwanza alidaka safi 61.

Nilichuchumaa pembeni nikamtazama uso badala ya mikono. Alikuwa anafumba macho mpira ukikaribia goti! Na glavu yake ilikuwa inaning'inia usawa wa magoti, halafu inashuka kuufuata mpira. Ifanye kinyume chake: vidole vya glavu viguse ardhi mapema, kisha mkono uinuke pamoja na mpira. Mpira ukidunda vibaya, mkono unaotoka chini kwenda juu unaukuta. Unaotoka juu umeshachelewa. Mpira wa tenisi hauumi, ndiyo maana tulianza nao hadi macho yakazoea kubaki wazi. Wiki ya tano alidaka 94. Hapo ndipo tukarudi kwenye mpira wenyewe.

Hatua ya kwanza aliirekebisha haraka. Miaka ya kuwa golikipa ilikuwa imempa miguu. Alihitaji tu kuruka kidogo na kutua kwa nyayo za mbele wakati mrushaji anaachia mpira.

Hatua ya 4: Linda mkono wako

Hapa sitanii hata kidogo. Mwongozo wa Pitch Smart, wa ligi kuu ya besiboli ya Marekani (MLB) na USA Baseball, unaweka ukomo wa mipira 95 kwa siku kwa mrushaji wa miaka 15 na 16, na 105 kwa wa 17 na 18. Ukirusha 31 hadi 45, pumzika siku moja. Ukivuka 75 (kwa wa miaka 15 na 16) au 80 (kwa wa 17 na 18), pumzika nne. Kama unachezea shule na klabu kwa wakati mmoja, hesabu ni yako, kwa sababu kocha wa Jumamosi hajui ulirusha mingapi Alhamisi. Na kila mwaka uwe na miezi miwili au mitatu mfululizo bila kurusha kabisa. Kiwiko kikiuma, sema siku hiyo hiyo.

Hatua ya 5: Sasa jitangaze

Video ya dakika mbili au tatu inatosha, na simu ya mzazi inatosha. Jina, mwaka wa kuhitimu, namba zako, kisha kazi: kupiga (simu ikiwa pembeni, kisha nyuma yako), kudaka, kurusha. Usiweke muziki.

Tengeneza orodha ya vyuo 30. Vijana huandika vikubwa tu vya daraja la kwanza la NCAA, chama kikubwa cha michezo ya vyuo. Weka pia daraja la pili na la tatu, vyuo vya NAIA (chama kingine, cha vyuo vidogo), na vyuo vya miaka miwili. Albert Pujols aliletwa Marekani kutoka Jamhuri ya Dominika akiwa kijana wa miaka 16, akasoma sekondari Missouri, akaenda chuo cha miaka miwili cha Maple Woods. Mwaka 1999, timu za ligi kuu zilipochagua vijana wapya, alichaguliwa wa 402. Alistaafu akiwa na homurani (mapigo ya kuvusha mpira nje ya uwanja) 703.

Kocha msaidizi anayeshughulikia usajili ndiye wa kumwandikia, kwa jina lake, mistari sita au saba. Makocha wa daraja la kwanza hawaruhusiwi kukujibu kabla ya Agosti 1 ya kuingia darasa la 11, kwa hiyo ukimya wa kabla ya hapo usikuvunje moyo. Ukipata barua ya kualikwa kwenye kambi ya kulipia, ujue nyingi hutumwa kwa maelfu ya watoto. Uliza kwanza: "Mmeona video yangu?" Ukijibiwa kijuujuu, hela hiyo nunua viatu.

Maswali ya wanachama

Mama, Ohio: *Mwanangu yuko darasa la 11, anasugua benchi msimu mzima. Niende nikaongee na kocha?*

Dada yangu, najua inavyouma kukaa kwenye ngazi zile za chuma na baridi halafu mtoto asiingie. Mwache aende mwenyewe kwanza. Wewe nenda pale tu kuna suala la usalama, matusi au ubaguzi. Hapo usisubiri hata siku moja, na omba mkalimani, shule inapaswa kukupatia.

Kijana, darasa la 9: *Shikamoo kocha. Mimi ni mfupi sana, nina mita 1.65. Nibadilishe mchezo?*

Marahaba mdogo wangu. José Altuve, mchezaji wa ligi kuu, ana kama mita 1.68. Kwenye majaribio kule Venezuela walimrudisha nyumbani kwa udogo wake, na kesho yake akarudi. Mwaka 2017 alikuwa mchezaji bora wa ligi ya American, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu. Bado una miaka ya kukua. Kula vizuri, na fanyia kazi kasi.

Baba, Texas: *Mtoto alisoma kidato cha kwanza Tanzania. Chuo kitahitaji matokeo hayo?*

Huenda kikayahitaji, kaka. NCAA hutaka rekodi za masomo kuanzia darasa la 9, popote ulipozisomea, na masomo ya msingi 16 kwa daraja la kwanza na la pili. Anza kuyafuatilia sasa kupitia ndugu aliye karibu na shule ile, kwa sababu muhuri na saini huchukua muda.

Kijana, Dar es Salaam: *Na sisi tulioko huku?*

Shule ya sekondari ya Azania pana uwanja wa besiboli, anzia hapo. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alicheza ligi kuu ya Marekani mwaka 2017, wa kwanza aliyezaliwa Afrika. Waganda Ben Serunkuma na Umar Male walisajiliwa na Dodgers, timu ya Los Angeles, mwaka 2022. Piga video yako ya mazoezi ukutani, wiki ya kwanza na wiki ya sita, uiweke hapa. Nitaiangalia glavu yako inaanzia wapi.