Namna ya Kuingiza Bunduki Kuukuu za Kijeshi kwa Ajili ya Wakusanyaji: Karatasi Kwanza, Chuma Baadaye

Hapa Bombo, Uganda, ambako kikosi cha nne cha King's African Rifles (KAR), jeshi la wakoloni wa Kiingereza, kilipiga kambi kwa miaka mingi na ambako wazee wetu wa Kinubi walizaliwa na kulelewa kambini, bunduki ya zamani si habari ngeni. Ni nadra kukuta ukoo usiokuwa na babu aliyebeba Lee-Enfield, ile bunduki ya jeshi la Kiingereza, begani. Tangu niliporudi nyumbani, baada ya miaka mingi ya kufungua makasha na kuandika daftari katika ghala la mwagizaji mmoja wa silaha nchini Marekani, haipiti wiki sijaulizwa jinsi biashara ile inavyofanyika. Baadhi ya wanaouliza ni ndugu zetu waishio huko ambao wanataka leseni. Wengine wako hapa hapa nchini na wanadhani bunduki kuukuu ni mali inayosubiri mnunuzi tu. Nimeona ni vyema niandike kwa utaratibu, kwa kuwa kosa moja katika kazi hii humpeleka mtu gerezani, na kosa jingine huharibu kitu cha historia kisichotengenezwa tena.

Jambo la kwanza ni kuelewa kwamba soko lenyewe haliko Uganda. Sheria yetu ya Silaha za Moto ya mwaka 1970 inamtaka raia anayemiliki bunduki awe na cheti, na mamlaka ya kukitoa yako mikononi mwa polisi. Silaha na risasi zimo pia katika orodha ya bidhaa zinazodhibitiwa na Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, na Itifaki ya Nairobi, ambayo Uganda ni miongoni mwa nchi zilizoitia saini mwezi Aprili 2004, inataka raia wapigwe marufuku kabisa kumiliki bunduki zinazofyatua mfululizo na zile zinazojipakia zenyewe. Kwa hiyo anayewaza kushusha kasha la Lee-Enfield Namba 4 bandarini Mombasa ili aje aliuze Kampala, na aliache wazo hilo leo. Wanunuzi wa bunduki hizi wako hasa Marekani, na kwa kiasi kidogo zaidi Canada na Ulaya, nako kila nchi ina sheria zake. Nitaeleza njia ya Marekani kwa sababu ndiyo niliyoifanyia kazi.

Mwaka 1968 Marekani ilifunga mlango wa kuingiza bunduki za ziada za majeshi ya kigeni. Mwaka 1984 mlango huo ulifunguliwa kidogo, kwa ajili ya silaha zinazotambuliwa kuwa za kale na za kumbukumbu, yaani zile zilizotimiza angalau miaka 50 na zilizobaki katika umbo lake la asili. Maneno hayo matatu, umbo la asili, yana uzito kuliko umri. Bunduki ya mwaka 1917 iliyokatwa mtutu na kubadilishwa kitako ili iwe ya kuwindia hupoteza sifa hiyo hata ingekuwa na umri wa miaka mia moja na zaidi. Kisha kuna kundi jingine, nalo ni la silaha zilizotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake, ambazo sheria ya taifa huziita za kale kabisa na haizitendei kama silaha za moto za kawaida. Martini-Henry, bunduki ya Kiingereza ya risasi moja moja, iliyofuliwa miaka ya 1880 na Lee-Enfield ya vita vya kwanza vya dunia zinaweza kutoka katika ghala moja, juu ya rafu moja, na bado zikapita katika milango miwili tofauti ya sheria. Ndiyo maana mwaka wa kutengenezwa ndio unaotafutwa kwanza, kabla ya kutazama kitu kingine chochote.

Ndugu zetu wengi hujikwaa kwenye leseni. Iko leseni ya mkusanyaji, inayogharimu dola 30 kwa miaka mitatu, nayo humruhusu mtu kununua silaha za kumbukumbu hata kutoka jimbo jingine kwa ajili ya mkusanyo wake mwenyewe. Leseni hiyo si ya biashara. Anayenunua kumi kwa nia ya kuuza kumi amevunja sheria hata kama kila bunduki ina umri unaotakiwa. Anayetaka kuingiza kwa ajili ya kuuza ni lazima awe na leseni ya mwagizaji, na kabla mzigo haujaondoka ulikotoka aombe kibali kwa fomu inayojulikana kama Fomu 6 katika ATF, idara ya serikali ya Marekani inayosimamia silaha. Nimesema kabla mzigo haujaondoka. Niliwahi kuona makasha yaliyofika bandarini huku kibali kikiwa bado mezani kwa ofisa, na gharama za kuyahifadhi zikala faida yote ya mwaka.

Upande wa muuzaji nao una karatasi zake. Dai kwanza hati ya jeshi au wizara ya nchi husika inayoonyesha kwamba silaha hizo zimeondolewa rasmi katika hesabu, kisha kibali cha nchi hiyo cha kuzitoa nje, halafu maelezo ya mahali zilipohifadhiwa kwa miaka mitano iliyotangulia. Marekani huuliza swali hilo la miaka mitano kwa sababu ina orodha ya nchi ambazo haikubali silaha kutoka kwake, kama vile China, Cuba na Korea Kaskazini, na haitaki silaha zilizotoka huko zipitishwe haraka katika nchi ya tatu ili zionekane safi. Ikiwa bunduki zilitengenezwa Marekani yenyewe na kupewa nchi rafiki kama msaada wa kijeshi, kama zilivyotolewa Garand nyingi, bunduki za jeshi la Marekani, kunahitajika tena idhini ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Maghala halali yapo na yamekuwa yakifunguliwa: mwaka 2003 Nepal iliuza maelfu ya Martini-Henry na silaha nyingine kutoka ghala la kale mjini Kathmandu, na kutoka Ethiopia zimetoka Carcano za Kiitaliano zilizosalia baada ya vita vya 1935 hadi 1941. Muuzaji anayesita kutoa orodha ya namba kabla ya kupokea malipo, achana naye hata kama bei yake inapendeza.

Sasa tuje kwenye orodha yenyewe, kwa maana hapa ndipo kazi ilipo hasa, na ndipo nilipokosea mimi mwenyewe.

Kiwanda kimoja hakikuandika namba zinazoendelea bila mwisho. Katika Mauser za Kijerumani, kila kiwanda kilianza upya kila mwaka. Kikifika karibu na elfu kumi kiliongeza herufi ndogo chini ya namba na kuanza tena. Kwa hiyo zinaweza kuwapo Mauser kadhaa zenye namba 4127, zote halisi, zikitofautishwa na jina la kiwanda, mwaka, na ile herufi. Lee-Enfield nazo hubeba herufi mbele ya tarakimu kwa sababu kama hiyo. Mwaka wangu wa pili kazini nilinakili ukurasa mzima wa namba bila herufi zake, kwa kuwa zilikuwa zimejaa grisi na nikaziona kama mikwaruzo tu. Ofisa wa forodha alipolinganisha orodha na chuma, mbili zilikuwa na namba moja, na shehena nzima ikazuiwa mpaka kila bunduki ikatolewa na kusomwa upya. Toka siku ile sikuandika namba bila kuifuta kwanza sehemu hiyo kwa tambara lenye mafuta ya taa, kuimulika kwa tochi kutoka ubavuni ili kivuli kijae kwenye maandishi, na kumsomea mwenzangu kwa sauti naye akinirudishia.

Grisi ile nzito ikishaondoka, Lee-Enfield huanza kuzungumza. Tazama shingo ya chuma inayoshika kitako, upande wa kulia. Utakuta taji, na chini yake herufi za mfalme, kwa mfano G.R., kisha kiwanda: Enfield, B.S.A. Co. ya Birmingham, Lithgow ya Australia au Ishapore ya India. Chini yake unasomeka mwaka, halafu SHT.L.E., kifupi cha Short Lee-Enfield, na alama ya toleo, III au III yenye nyota. Nyota hiyo ina maana: ni toleo lililorahisishwa wakati wa vita vya kwanza ili viwanda vitoe bunduki nyingi kwa haraka. Mshale mpana ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza, na ukiona mishale miwili imeelekezana ncha kwa ncha, ujue bunduki iliuzwa rasmi kutoka jeshini. Nimewahi kuona watu wakiidharau alama hiyo ndogo, ilhali ni ushahidi wa uhalali uliogongwa juu ya chuma chenyewe. Herufi DP zina maana nyingine kabisa: bunduki hiyo ilitengwa kwa mazoezi ya gwaride na haifai kufyatuliwa. Iandikwe hivyo katika daftari, naye mnunuzi aambiwe kwa maandishi.

Linganisha namba ya bolti, yaani kile chuma kinachofunga nyuma ya risasi, na namba ya mwili wa bunduki. Zikilingana, thamani hupanda. Zisipolingana, swali si la thamani tu bali la usalama, kwa sababu bolti ya bunduki nyingine inaweza kuacha mwanya usiofaa nyuma ya risasi, na ni fundi wa bunduki mwenye vipimo vyake anayeweza kusema kama ni salama. Tazama ndani ya mtutu kutoka upande wa chemba, pale risasi inapokaa, bolti ikiwa imetolewa na baada ya kuhakikisha kwa macho na kwa kidole kwamba hamna risasi. Nimekuta risasi ndani ya bunduki iliyoandikwa kwamba imekaguliwa. Hivyo usiuamini ukaguzi wa mtu mwingine, hata awe afande wa cheo gani.

Mzigo ukishatolewa forodhani, mwagizaji ana siku 15 za kugonga alama yake juu ya kila bunduki: jina lake, mji na jimbo, nchi ilikotengenezwa, aina yake na kipimo cha risasi. Sheria inataka maandishi yawe na kina kisichopungua sehemu tatu za elfu moja za inchi, ili yasifutike kirahisi. Wakusanyaji hawaipendi alama hiyo, nami nawaelewa, kwa maana wapo waagizaji waliogonga maandishi makubwa ubavuni kama bango la duka. Ukipewa nafasi ya kuchagua, shauri igongwe kwa herufi ndogo zinazoruhusiwa, kwenye mtutu karibu na mdomo, mbali na alama za kiwanda. Kisha irudishe Fomu 6A, ile ya kuthibitisha kupokea mzigo, ndani ya siku hizo hizo 15, na uweke kando kodi ya asilimia 11 ambayo mwagizaji hutozwa anapouza bunduki ndefu. Waanzaji wengi huisahau kodi hiyo katika hesabu zao.

Kuhusu usafi, zuia mikono. Mti wa kitako usipigwe msasa, kwa sababu mihuri midogo ya wakaguzi iko katika unene usiozidi ukucha, na msasa ukipita mara moja imekwenda. Chuma kisipakwe rangi mpya. Tambara laini na mafuta mepesi ya bunduki vinatosha. Ukikuta Lee-Enfield imezungushiwa waya mbele, usiukate waya huo ukidhani ni ukarabati wa kienyeji. Ilifungwa hivyo jeshini ili mtutu ustahimili kurusha maguruneti, na waya huo ni sehemu ya historia yake.

Limebaki swali ninaloulizwa zaidi hapa nyumbani: mzee amefariki, na juu ya dari imepatikana bunduki. Bunduki hiyo haina njia ya kwenda sokoni, kwa kuwa haina hati hata moja kati ya zile nilizozitaja, na wala zisitafutwe kwa hila. Msiisafishe, msiijaribu, msiibebe barabarani hata kwa nia ya kuipeleka kituoni. Mmoja wa wakubwa wa familia aende polisi mikono mitupu, pamoja na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, aeleze kilichopatikana, na maofisa waje wenyewe kuichukua. Muombeni ofisa aandike namba na alama zake mbele yenu, nanyi mbaki na nakala ya maandishi ya makabidhiano. Nishani za mzee, kitabu chake cha utumishi, picha yake akiwa na sare na beji ya kofia hivyo ni vyenu, na kwa mtu anayejali historia ya KAR vina maana kubwa kuliko chuma kile. Vifungeni kwa karatasi kavu, mbali na unyevu, na nyuma ya picha andikeni kwa penseli jina lake, kikosi chake na mwaka alioingia jeshini, kabla bibi aliyebaki, ambaye bado anayakumbuka yote hayo, hajachoka kusimulia.