Kutafuta ngazi ya DNA katika mkia wa kiluwiluwi

Mwanafunzi mmoja hapa Mwanza alirudia mara tatu jaribio hili la kuonyesha kwamba seli za mkia hufa kwa mpango, na kila mara jeli yake, inayotenganisha vipande vya DNA kwa urefu, ilionyesha ukungu mrefu badala ya mistari iliyopangika kama ngazi. Kosa lake liko katika hatua ya 2, na mimi pia nililifanya.

Hatua ya 1. Kusanya viluwiluwi wa aina moja: waliokwisha kuchomoza miguu ya mbele na mkia umeanza kufupika, pamoja na wadogo wa kulinganishia. Kinachoamuru mkia ufe ni homoni ya tezi, ambayo huchochea seli ziamshe kaspasi, yaani vimeng'enya vinavyoibomoa seli kutoka ndani. Kaspasi nazo hukifungua kimeng'enya kinachokata DNA.

Hatua ya 2. Kata mkia na uutumbukize papo hapo katika mrija uliofukiwa kwenye barafu. Seli inayokufa kwa mpango hukatwa DNA yake kati ya nukleosomu na nukleosomu (mafundo ya protini yaliyozungushiwa DNA), hivyo hutoa vipande vya jozi za besi 180 hivi na vigawe vyake, ambavyo ndivyo vidato vya ngazi. Seli iliyokufa kwa joto hukatwa ovyo, na huo ndio ukungu. Siku moja umeme ulikatika, mikia yangu ikakaa mezani saa mbili, nami nikashinda nikizilaumu kemikali. Tangu hapo siiamini friji: hununua barafu Mwaloni, Kirumba, ile ya kuhifadhia sangara. Usiutwange mkia wala kuutikisa kwa mashine, kwa sababu DNA ndefu ikivunjika huleta ukungu uleule. Ncha ya pipeti ikatwe kwa mkasi ili tundu lipanuke.

Hatua ya 3. Yeyusha seli, zungusha mrija katika sentrifuji, chukua maji ya juu, ondoa RNA, gandisha DNA kwa alkoholi.

Hatua ya 4. Tumia jeli ya agarosi ya asilimia 2 na volti ndogo. Wenye haraka huongeza volti, kisha vidato vikipinda hulalamikia jeli.

Kuku na panya pia hutoa vidato hivyohivyo, lakini usiandike kwamba njia nzima ya seli kujiua ni moja kwa wanyama wote. Mnyoo C. elegans huua seli 131 kati ya 1,090 za mwili anazozizalisha, na jeni ya binadamu BCL-2 huweza kuziokoa baadhi yake, ikishika nafasi ya ced-9, jeni ya mnyoo inayozuia seli kufa. Hata hivyo protini ya sitokromu c, ambayo kwetu binadamu hutoka katika mitokondria na kuiamsha Apaf-1, protini inayowasha kaspasi, mnyoo haihitaji.