Usaili wa igizo la vichekesho: jinsi ya kujiandaa ukiwa Dodoma

Ukitaka kumjua atakayekosa nafasi kwenye usaili wa vichekesho, mtazame anayeingia akiwa tayari anachekesha. Koti kubwa la babu, suruali imepandishwa hadi kifuani, poda usoni, na sauti ameiazima kwa mchekeshaji wa runinga. Wasaili watacheka sekunde kumi, kisha wataandika pembeni ya jina lake: "anaigiza kuchekesha". Hapo kaumia. Igizo la vichekesho halisimami kwa vituko vya mtu mmoja. Linasimama kwa sababu kuna mtu jukwaani amebanwa kwelikweli na jambo dogo, anahangaika kujinasua, na yeye mwenyewe haoni cha kuchekesha.

Kabla ya siku yenyewe

Tangazo la kikundi cha mtaani huwa fupi: tarehe, ukumbi, saa. Piga simu uulize yaliyobaki. Ni igizo lenye mswada, au ni vipande vya papo kwa papo? Wanatafuta wahusika wa umri gani? Mazoezi ni siku zipi, na onyesho ni lini? Nauli inarudishwa? La nauli liulize bila aibu. Vikundi vya kujitolea mara nyingi havina fungu hilo, na mtu wa Nzuguni anayefanya mazoezi Kikuyu mara tatu kwa wiki, kwa wiki sita, atapanda daladala mara 36, hapo kama haunganishi gari.

Ratiba ya Dodoma ina tabia zake. Watumishi wa Mji wa Serikali Mtumba wanatoka kazini saa 9:30 alasiri, kwa hiyo mazoezi yakianza kabla ya saa 11 jioni nusu ya waigizaji hawajafika. Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni Bunge la bajeti linaendelea, mji unajaa wageni, na ukumbi mliozoea kuutumia bure mnaweza kuukuta umekodishwa kwa semina. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) ana mitihani na mafunzo kwa vitendo. Yote haya yaandike kwenye fomu, mahali pa siku usizopatikana. Mwongozaji anaweza kupanga mazoezi kwa kuzunguka safari yako ya siku nne ikiwa anaijua siku ya kwanza. Akiijua wiki ya tano, hatakuita tena. Aliye chini ya miaka 18 aende na barua ya mzazi au mlezi, yenye namba ya simu inayopatikana.

Kipande cha kujiandalia

Ukiambiwa uje na kipande chako, chukua cha sekunde 90. Kwa Kiswahili cha kuongea hayo ni maneno 150 hivi, na usizidi 180, maana vituo vya kicheko navyo vinakula muda. Chagua mhusika anayetaka kitu kutoka kwa mtu mwingine: anakopa, anaficha, anaomba kazi, anajitetea. Achana na visa vya "nilimwona jamaa mmoja…". Kusimulia kichekesho ni fani nyingine, na wasaili wa igizo hawaipimi.

Ukisome kipande mara ya kwanza kwa uzito wote, kama unatoa taarifa ya msiba. Ndipo utakapoona ni sentensi zipi zinachekesha zenyewe bila msaada wako. Hizo usiziguse. Kisha weka simu irekodi hatua tano kutoka uliposimama, usome tena. Mahali ambapo simu haikunasa neno la mwisho, hata watu wa safu ya nne hawatalisikia. Mara ya tatu msomee mtu, na asiwe rafiki anayecheka hata ukipiga chafya.

Kutega na kufyatua

Hapa ndipo kazi ilipo. Kichekesho cha mdomo kina sehemu mbili, pa kutegea na pa kufyatulia. Chukua hiki, mpangaji kakutwa mlangoni na mwenye nyumba:

MWENYE NYUMBA: Leo tarehe ngapi?
MPANGAJI: Shikamoo mama.
MWENYE NYUMBA: Marahaba. Tarehe ngapi?
MPANGAJI: Mama, kodi ninayo. Yote. Ya miezi mitatu.
MWENYE NYUMBA: Haya, lete.
MPANGAJI: Iko kwa mtu.

Anza na "Shikamoo mama". Wengi huisema kwa kejeli, macho juu, na inakufa. Iseme kwa adabu kamili, goti likikunjwa kidogo. Kinachochekesha ni kwamba mwenye nyumba, pamoja na hasira zake, hawezi kuruka marahaba. Umemchelewesha kwa heshima. Ukiifanya heshima hiyo kuwa ya uongo, umemruhusu kukupuuza.

"Kodi ninayo. Yote. Ya miezi mitatu" ndio mtego. Useme kwa fahari ya mtu mwenye noti mfukoni, kila kipande kikipanda juu ya kilichotangulia. "Haya, lete" si sentensi yako, lakini mwili wako ndio unaifanyia kazi: mkono unaanza kwenda mfukoni, unafika nusu ya njia, unasimama. Hesabu moja moyoni. Kisha "Iko kwa mtu", kwa fahari ileile. Ukiisema kwa unyonge utaonewa huruma, na huruma haichekeshi. Ukikonyeza, watazamaji wamejua kwamba unajua, na hapo hakuna mpangaji tena, kuna wewe unayetafuta kupigiwa makofi.

Mfyatuo huo huharibika kwa njia tatu, na tatu zote utaziona kwenye usaili mmoja. Ya kwanza ni kumeza mwisho. Sauti ya Kiswahili huelekea kushuka mwishoni mwa sentensi ya maelezo, na mkazo wa neno huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo katika "mtu" mkazo unabaki kwenye "m", na "tu" inapotelea kooni. Kichekesho kizima kimo kwenye neno hilo moja. Shikilia pumzi hadi lipite, na lifikishe ukutani nyuma ya wasaili.

Ya pili ni mkia. "Iko kwa mtu, si unajua tena mama, mambo ya mjini, yaani jamani…" Watu walikuwa wanavuta pumzi wacheke, wewe bado unaongea, wakajizuia wakusikilize. Pumzi ile hairudi. Kama una ugonjwa wa "yaani" na "si unajua", utautambua kwenye rekodi ya simu. Ufute kabla hujafika ukumbini.

Ya tatu ni kunyamaza mno. Ukihesabu hadi tatu badala ya moja, msikilizaji keshajijibu kichwani, na jibu lako linamkuta mbele.

Kicheko kikija, usiongee juu yake na usikisubiri kiishe. Kiache kipae, kianze kushuka, kisha ingia sauti ikiwa imeongezeka kidogo. Unaposubiri, mhusika aendelee kufikiri: mkono bado uko nusu ya njia ya mfuko. Na wasaili wasipocheka? Usiingiwe na baridi. Inawezekana wewe ni wa ishirini kusoma kipande kilekile siku hiyo. Wanaangalia kama umetega sawasawa. Endelea kwa mwendo uleule, usiachie nafasi ya kicheko ambacho hakijaja.

Kusoma papo hapo

Mara nyingi utakabidhiwa kurasa mbili na dakika tano. Usizitumie kukariri. Tafuta mambo matatu: mhusika wako anataka nini, anamwogopa nani, na mfyatuo uko wapi. Uuwekee alama kwa penseli. Kalamu ya wino iache, karatasi hizo zinakwenda kwa mwingine.

Shika karatasi usawa wa kifua, kidole gumba kikifuata mstari, ili uso usifichwe. Nyanyua macho kwenye mwisho wa kila sentensi, maana ndipo maneno yanapotua. Mwenzako anaposoma, mwangalie yeye. Ukisoma zamu yake kimyakimya huku midomo ikicheza, au ukitumia zamu yake kuandaa yako, wasaili wanaona. Kwa kweli humwangalia zaidi aliyenyamaza kuliko anayeongea, kwa sababu kwenye vichekesho kicheko mara nyingi kinatoka kwenye sura ya anayeambiwa. Na zamu ya mwenzako isiwe wakati wa wewe kujikuna, kuchungulia dirishani na kumwibia macho ya watazamaji. Huo ni wizi, na waongozaji wanauchukia kuliko kusahau maneno.

Waliopitia Bagamoyo au vyuo vingine vya sanaa watakuelekeza kwa lugha ya jukwaa. "Kushoto kwa jukwaa" ni kushoto kwako ukiwatazama watazamaji. "Shuka" ni sogea kwa watazamaji, "panda" ni rudi nyuma. Usipoelewa, uliza.

Papo kwa papo

Kanuni ni moja: pokea, kisha ongeza. Mwenzako akikuanza, "Mjomba, yule mbuzi wa mnadani umemfunga wapi?", ukijibu "Mbuzi gani? Mimi si mjomba wako", watu watacheka mara moja, na onyesho limekwisha hapo. Hakuna mbuzi, hakuna ujomba, mmebaki watu wawili mmesimama. Jibu, "Chumbani kwako. Nje kuna upepo." Sasa kuna mbuzi, kuna chumba kilichochafuka, na kuna mjomba anayempenda mbuzi kuliko mpwa wake. Mna dakika tatu za kazi.

Mambo kadhaa huchosha wasaili wa hapa. Mlevi wa kuyumbayumba ni mojawapo. Mlevi halisi anajitahidi kuonekana mzima: anatembea kwa uangalifu uliozidi, analenga kitasa cha mlango kama anachomeka uzi kwenye sindano. Cheza hiyo juhudi. Mzee naye si mgongo kupinda na kutetemeka mwili mzima. Chagua kitu kimoja kiwe kizito, kwa mfano kukaa na kuinuka, vingine viache vilivyo.

Lafudhi nazo. "Mbukwa!", salamu ya Kigogo, ya kuingilia inaweza kukupatia kicheko kwa mara ya kwanza. Ya pili ukumbi kimya, maana waliokaa mbele yako ndio wenye lugha, na wanasikia kwamba huijui. Mizaha ya Wagogo na kuombaomba iache kabisa, imechakaa na inaudhi. Utani una watani wake, na kwenye ukumbi wa mji wenye watu kutoka kila mkoa huwezi kujua nani ni mtani wako na nani si wako. Mhusika akiandikwa kuwa na lafudhi fulani na wewe unaimudu tangu nyumbani, sawa. Vinginevyo ongea kwa sauti yako.

Ukiambiwa "rudia"

Usihuzunike. Kurudishwa ni dalili njema, hakuna anayepoteza muda kumrudisha asiyemtaka. Mwongozaji akisema, "Safari hii mpangaji anaogopa", anapima kama unabadilika. Kosa la kawaida ni kurudia kilekile kwa sauti kubwa zaidi. Badili kitu kinachoonekana: mwendo wa maneno, umbali wako na mwenye nyumba, mahali unapotazama. Mpangaji mwenye hofu anaweza kusema "kodi ninayo" haraka mno huku akiwa ameshika mlango. Hata kama unaona toleo la kwanza lilikuwa bora, usilitetee. Fanya.

Mwili, sauti na mavazi

Hewa ya Dodoma ni kavu muda mwingi wa mwaka nje ya msimu wa mvua wa Desemba hadi Aprili, na vumbi linakausha koo. Kunywa maji ya kawaida kidogokidogo kuanzia saa moja kabla, soda ya baridi iache hadi utoke. Pasha sauti dakika kumi: guna kwa mdomo uliofungwa, tetemesha midomo, kisha "wale watu wa Liwale wala wali wa Liwale", polepole mara tatu, haraka mara tatu. Kama upepo unapiga bati la ukumbi usipige kelele. Punguza kasi na kaza konsonanti.

Vaa nguo unayoweza kuchutama na kupiga magoti nayo. Viatu vya raba, si kandambili, maana zinapiga kelele kila hatua na sakafu yenye vumbi inateleza. Mwenye sketi aweke suruali nyepesi ndani. Usijirushe chini kama hukuombwa. Ukiombwa, kunja magoti kwanza, tua kwa paja halafu kalio, mikono isitangulie, vifundo vya mkono ndivyo vinavyovunjika. Na usimguse mwenzako, hata kofi la mzaha, kabla hamjakubaliana.

Fika nusu saa kabla. Kwenye begi uwe na penseli, nusu lita ya maji na nakala mbili za kipande chako. Ukiingia, wasalimie waliokuzidi umri inavyopasa, taja jina lako na nafasi unayosomea, vuta pumzi, anza. Hakuna haja ya kueleza mafua wala foleni. Ukimaliza sema asante, toka. Usiulize mlangoni kama umepita.

Ukikosa nafasi lakini una muda, omba kuwa mkumbushaji, yule anayekaa pembeni na mswada na kuwatajia waigizaji maneno waliyosahau. Kazi haina sifa na watu hawaigombei. Ila ifikapo wiki ya nne, mkumbushaji ndiye mtu pekee anayejua sentensi za kila mhusika, na siku mpangaji akiamka na malaria, simu ya kwanza ya mwongozaji itapigwa kwako.