Somo: Kuunganisha swichi mbili za mtandao kwa moduli za SR za 10G (gigabiti 10 kwa sekunde)

Wadau, "mbona taa haiwaki?" (ile ya swichi inayoonyesha pande mbili zimeunganika) nimeijibu mpaka nimechoka. Anayeuliza tena namrudisha hapa.

1. Pande zote mbili ziwe SR, moduli ya masafa mafupi inayotuma data kwa mwanga. LR, ya masafa marefu, inatumia mwanga wa nanomita 1310, SR 850, haziongei.

2. Chomeka moduli mpaka ijifunge.

3. Chagua waya. Hapa ndipo kazi nyingi zinapofia. Mwanga wa SR unatoka kwenye leza ya VCSEL na unataka faiba ya maltimodi (yenye kiini kipana cha kupitisha mwanga), mikromita 50. Waya wa njano uliobaki kazi nyingine kwa kawaida ni singomodi, kiini mikromita 9 hivi, kwa hiyo mwanga mwingi unapotelea mlangoni. Maltimodi ina madaraja: OM3 inakupa mita 300, OM4 mita 400. Onyo: OM1 ya majengo ya zamani ni mita 33 tu. Ukizidisha, taa inaweza kuwaka, ukafunga raki ukaondoka, halafu makosa yakaanza kumiminika. Rangi ya ganda isikudanganye, soma maandishi.

4. Safisha ncha kwa kalamu ya kusafishia faiba. Usipulize kwa mdomo.

5. Tx (inayotuma) iende Rx (inayopokea) ya upande wa pili.

6. Soma nguvu ya mwanga unaopokelewa. Ikiwa chini ya -9.9 dBm (kipimo cha nguvu hiyo), rudi hatua ya 4.

MASWALI

— Nimefuata zote, haiwaki. Msaada wa haraka!

— Waya umeandikwaje?

— Sijaangalia. Ni wa njano.

— Hatua ya 3.

— Mkuu, kwa nini SR ni nafuu kuliko LR?

— Hilo ndilo swali. Leza ya kawaida ya LR inatoa mwanga ubavuni mwa chipu; VCSEL inautoa juu, usoni. Kwa hiyo kiwanda kinazipima zikiwa bado kwenye kisahani kimoja cha semikonda, kabla ya kuzikata. Boriti yake ni ya duara, inaingia kwenye faiba bila kusumbua. Wazo ni la Kenichi Iga wa Tokyo, mwaka 1977.

— Nachungulia kujua kama inatoa mwanga?

— Jicho usiweke kabisa! 850 huioni vizuri hata ikiwepo. Elekeza kamera ya simu. Ya mbele mara nyingi inaonyesha weupe hafifu.

— Na 100G?

— SR4: njia nne za 25G, mita 100 kwa OM4. Kiunganishi ni MPO, kinachobeba faiba nyingi pamoja, na moduli ina pini, hivyo nunua waya usio na pini.